Kibarua kimeota nyasi, kazi je?

Siku ya tatu baada ya kupewa barua ya kuachishwa kazi niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikaoga, nikavaa shati la kazini, nikafunga kamba za viatu. Nilishafika mlangoni ndipo mke wangu aliponiuliza kwa sauti ya chini, asije akawaamsha watoto: "Baba, unaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja Dar es Salaam, na hiyo ndiyo saa niliyokuwa natoka kuwahi daladala ya kwanza. Nilirudi nikakaa kwenye kochi, viatu miguuni, mpaka kukapambazuka.

Wiki zile watu walikuja na ushauri mwingi, na wote walinitakia mema. Kaka yangu alisema nitafute kazi nyingine haraka kabla jina langu halijasahaulika kwenye viwanda. Kijana wa jirani, ambaye huangalia sana video za wahamasishaji, alinipa shikamoo kisha akasema sasa ndiyo nafasi ya kufuata ndoto zangu. Mzee mmoja msikitini aliniambia nitulie, riziki ya mtu haipotei njia. Kila mmoja alitumia neno "kazi", na ilinichukua muda kuona kwamba kila mmoja alikuwa anazungumzia kitu tofauti. Naamini wengi wetu tunapotea hapo, mwanzoni kabisa, kwa sababu tunaita vitu vinne kwa jina moja.

Ajira, cheo, ujuzi, kazi

Ajira ni ndugu wa ujira. Ni makubaliano: wewe unatoa siku zako, mwingine anakulipa. Neno "kibarua" linaeleza vizuri zaidi, maana ni barua ndogo tu. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika mfanyakazi alipewa kadi yake, kipande, ikatiwa alama kila siku aliyomaliza kazi, mpaka zitimie siku thelathini ndipo alipwe. Kibarua nacho kilianza kama karatasi, kikageuka jina la kazi, halafu likawa jina la mtu mwenyewe. Ndiyo maana leo mtu akiachishwa tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Kilichoota nyasi ni ile karatasi.

Cheo ni jina unaloitwa ndani ya geti. Nje ya geti halina uzito mkubwa, ingawa wengi tunalibeba mpaka misibani.

Ujuzi ni kile mkono na kichwa vinachojua kufanya bila kuelekezwa. Siku ya mwisho askari wa getini alikagua begi langu kama kawaida yake, akatoa chupa ya maji, akaangalia chini ya kitambaa. Alitafuta mali ya kiwanda. Miaka kumi na minne ya kuhesabu mzigo nilitoka nayo kichwani, na hapakuwa na fomu ya kuirudisha.

Na kazi ni pana kuliko hivyo vyote. Mama anayeamka kuchota maji anafanya kazi, wala hakuna aliyemwandikia barua. Anayemuuguza mzazi anafanya kazi. Kazi ni jambo linalohitaji kufanywa, na kuna mtu anayelihitaji. Hicho kipande cha pili, kwamba kuna mtu anayelihitaji, ndicho nitakachokirudia, kwa sababu ndipo nilipokuja kuona maana ya kazi yangu mwenyewe.

Kwa hiyo siku barua inapotoka, unapoteza viwili kati ya vinne. Lakini mwili unaomboleza kana kwamba umepoteza vyote, na kuna sababu yake.

Kijiji kilichoacha kuvaa saa

Karibu na Vienna, Austria, kuna mahali panaitwa Marienthal. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kinalisha kijiji kizima kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kila familia ikabaki bila ajira. Watafiti vijana, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda huko na wenzao wakatazama maisha ya watu siku hadi siku. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1933, bado yananigusa kuliko ushauri wowote niliopewa.

Mtu angedhani watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vikapungua karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Watafiti walikaa dirishani wakipima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara bila sababu, wanawake walipita haraka. Wanawake nao walikuwa wameachishwa kiwandani, lakini nyumbani bado kulikuwa na chungu na watoto wanaowangojea. Na wanaume wengi waliacha kuvaa saa.

Nilipofika hapo kwenye habari hiyo niliinuka nikafungua droo ya kabati. Saa yangu ya mkononi ilikuwa humo, chini ya risiti za umeme. Sikumbuki siku niliyoivua.

Baadaye sana Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na mshahara, inampa mtu mambo matano: mpangilio wa siku, watu nje ya familia, lengo la pamoja na wenzake, nafasi katika jamii, na shughuli ya lazima. Mtu anaweza kuichukia ajira yake na bado ikawa inampa hayo yote. Barua ikitoka, yanaondoka kwa siku moja. Ndiyo maana mtu mwenye akiba benki anaweza kukonda kama asiye nayo, na ndiyo maana kumwambia "tafuta fedha" au "tafuta ndoto" hakutoshi. Yale matano yanarudi moja moja, na mengine yanarudi kwa mlango mwingine kabisa.

Hesabu siku ulizo nazo

Kabla ya kuzungumza maana ya kazi, tuzungumze fedha, kwa sababu fedha ndiyo inayokupa muda wa kufikiri. Nimeona watu wakipoteza haki zao kwa sababu walikaa ndani kwa aibu mpaka siku zikapita.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya nia yake mapema na afanye mashauriano: kwa nini anapunguza, nini kinaweza kufanywa kuepusha, watakaoondoka wamechaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake. Anastahili malipo ya likizo ambayo hakuchukua, na kama aliajiriwa kutoka mkoa mwingine, gharama za kurudi alikotoka. Anastahili pia cheti cha utumishi, karatasi inayosema alifanya kazi gani na tangu lini. Wengi hawaidai. Idaini.

Halafu kuna kiinua mgongo. Aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi analipwa si chini ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 520,000. Kwa wiki ya siku sita za kazi unagawa kwa 26, unapata 20,000 kwa siku. Mara saba ni 140,000. Mara miaka kumi ni 1,400,000. Ile minne ya juu haihesabiwi. Kenya kiwango ni kikubwa zaidi: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Ukiona umeachishwa isivyo haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Siku 30 ni chache mno kwa mtu ambaye bado anavaa shati la kazini alfajiri. Andika tarehe ya barua ukutani.

La mwisho ni fao la kukosa ajira kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa mwanachama wa NSSF anayehesabiwa kuwa na taaluma, aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, fao ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwangu ilikuwa kama 173,000 kwa mwezi.

Nilijumlisha kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Notisi, kiinua mgongo na fao, kabla ya kodi, vilikaribia milioni tatu. Nyumba yetu ilikuwa inakula kama 450,000 kwa mwezi tukibana. Nilikuwa na miezi sita na nusu. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu barua ile, nililala hadi asubuhi. Kujua kwamba una miezi sita na nusu ni tofauti kabisa na kutojua.

Hapa nina neno zito la kusema. Fedha hiyo inaitwa kiinua mgongo, na watu wengi huinamia nayo papo hapo kwenye bodaboda, banda la kuku wa mayai, au kibanda cha uwakala wa fedha, kwa sababu tu jirani anafanya. Sizibezi biashara hizo, zinalisha familia nyingi. Ninachosema ni kwamba kila moja ina ujuzi wake, na ukiingia bila ujuzi huo, kiinua mgongo chako kinakuwa ada ya shule ya gharama kubwa. Kama kuna biashara inakuita, nenda kwanza ukapige deiwaka kwa mtu anayeifanya. Fagia banda lake wiki mbili. Uone vifo vya vifaranga na bei ya chakula kabla hujaweka hata mia yako.

Andika vitenzi

Wasifu wangu wa kazi ulikuwa na mstari mmoja: mtunza stoo. Niliupeleka viwanda vinne. Mahali pengine palitaka usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ambao sikuwa nao. Pengine walitaka kijana. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Kilichonisaidia ni kuacha jina la cheo nikaandika vitenzi. Kile ninachofanya kwa mkono, kuanzia gari linapoingia. Napokea mzigo. Nalinganisha mzigo na hati. Nakataa kilichopungua, bila ugomvi. Napanga kwa tarehe. Nahesabu bila kuambiwa. Najua bidhaa itaisha lini kabla haijaisha. Nagundua ikiibwa, na mara nyingi najua ni saa ngapi iliibwa. Vitenzi vikatimia ishirini na moja.

Cheo changu kilikuwa na wateja wachache, viwanda tu. Vitenzi vyangu vilihitajika kila mtaa. Badala ya kuuliza nani ananiajiri, nikaanza kuuliza nani hapa mtaani anateseka kwa kukosa kitenzi hiki.

Jibu la kwanza lilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu, kwenye duka la dawa muhimu. Maduka haya yalianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasi wapate dawa salama kwa mtu aliyefundishwa, na sasa yapo nchi nzima. Mama mwenye duka alikuwa akilalamika kwamba anauza sana lakini fedha haionekani. Nikamwomba niangalie rafu zake siku ya Jumapili, bure. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya baba, karibu, ila usinivurugie."

Nilianza na dawa mseto ya malaria ya watoto. Rafu ilikuwa na kina cha maboksi matano. Mzigo mpya ukija, msaidizi wake alikuwa anausukumia mbele kwa sababu ndiko mkono unakofika, na uuzaji unaanzia mbele. Yale ya nyuma hayakuwahi kuguswa. Nilitoa boksi la tatu, nikafuta vumbi kwa kidole gumba, nikamwonyesha tarehe. Lilikuwa limebakiza wiki tano. Nyuma yake mawili yalikuwa yamekwisha muda tangu mwezi uliopita. Mama alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakusema juu ya hasara. Alisema, "Na usiku umeme ukikatika huwa naingiza mkono tu."

Sisi watu wa stoo tuna kanuni tunayofundishwa wiki ya kwanza: inayowahi kuisha muda ndiyo inayotangulia kutoka. Kiwandani niliifuata kwenye madumu ya rangi na katoni za gundi, na nilidhani ni kanuni ya kumwokolea mwajiri fedha. Pale nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya duka niliona ni kitu kilekile kinachomkinga mtoto mwenye homa saa tano usiku. Mikono ileile, kanuni ileile. Kilichobadilika ni kwamba niliweza kumwona anayeihitaji.

Tulipanga upya mpaka magharibi. Nikatengeneza kadi ya kila dawa kwa karatasi ngumu za daftari: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, mwisho wa muda. Dawa yenyewe simpi mgonjwa yeyote. Hilo lina mafunzo yake na Baraza la Famasi lina masharti yake, na linapaswa kuwa nayo. Mimi nahesabu na kupanga. Mwezi uliofuata mama yule aliniita kwa malipo, tukakubaliana shilingi 30,000 kwa mwezi kwa kuhesabu mara mbili, akanipeleka na kwa shoga yake wa mtaa wa pili. Siku ya kwenda kwa huyo wa pili tuliahidiana saa moja na nusu asubuhi. Ilibidi nifungue ile droo.

Wito haukai kwenye aina ya kazi

Watu husema kuna kazi za wito, kama uuguzi na ualimu, na kuna kazi za kula. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliotazama jinsi watu wanavyoichukulia kazi yao: kama njia ya kipato tu, kama ngazi ya kupanda, au kama wito. Kwenye kundi dogo la wasaidizi wa ofisi, wenye kazi inayofanana, watu waligawanyika karibu sawa katika mafungu hayo matatu. Halafu yeye na Jane Dutton wakaeleza habari za wafanya usafi wa hospitali: baadhi walisema wanafuta sakafu, wengine walijiona sehemu ya matibabu, wakachagua saa ya kuingia wodini ili wasimsumbue mgonjwa, wakazungumza na wasio na wageni.

Ninakubaliana nao, na ninaongeza jambo moja kutokana na niliyopitia. Kuanza kuona maana kunahitaji mara nyingi umwone kwa macho mtu anayepokea kazi yako. Viwanda na maofisi vinatuficha mtu huyo. Aliye bado kazini, hata asiyeachishwa, anaweza kujiuliza mzigo wake unaishia mikononi mwa nani, na kama inawezekana aende akamwone. Ningefanya hivyo mapema pengine nisingekuwa na ile miaka ya mwisho ya kuangalia saa mpaka jioni.

Ujuzi usio na karatasi

Mwenzangu wa karakana alikuwa na tatizo tofauti na langu. Ni fundi wa kuchomelea, alijifunza kwa mkubwa wake tangu akiwa kijana, hajawahi kukaa darasani kwa ajili hiyo. Akiunganisha bomba huoni lilipoungwa. Lakini kila zabuni inataka cheti, na yeye ana mikono tu.

Kwa watu kama yeye VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Huanzi darasa la kwanza. Unajaza fomu, unaeleza ulichofanya na kwa muda gani, unahojiwa, kisha mtathmini anakusimamia ukifanya kazi yenyewe karakanani. Ukiwa na mapengo, mara nyingi ni nadharia au usalama kazini, unafundishwa hayo, halafu unapimwa na kupewa cheti. Waashi, mafundi magari, washonaji, wapishi na wahudumu wa hoteli wamepita njia hiyo. Kenya, fundi wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza.

Kuna wazee wanaoona aibu kupimwa na kijana waliyemzidi miaka ishirini. Nawaelewa. Mwenzangu aliahirisha miezi minane kwa sababu hiyo. Kilichomsukuma ni kumwona kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe akipata kazi ya mageti ya shule kwa sababu ya karatasi.

Yaliyorudi na yasiyorudi

Leo nina maduka tisa ninayoyahesabia, na mwisho wa mwaka nahesabu maghala mawili Kariakoo. Miezi mingi kipato hakifiki mshahara wangu wa zamani, na sina mwajiri wa kunichangia mfukoni. Nachangia mwenyewe kidogokidogo. Mke wangu anauza vitafunwa asubuhi, na bila hivyo hesabu isingefunga. Nayasema haya kwa sababu habari za watu waliopata kusudi jipya husimuliwa kana kwamba ada za watoto zilijilipa.

Mpangilio wa siku umerudi. Shughuli imerudi, na nafasi yangu mtaani imerudi kwa sura nyingine: watoto wa jirani wananiita "mzee wa kadi". Kile ambacho sijakipata ni watu wa saa saba mchana, wale tuliokaa nao kwenye benchi nyuma ya karakana kula wali maharage na kubishana mpira. Kuhesabu ni kazi ya peke yako.

Kwa hiyo saba kati yetu tulioondoka siku moja tumeanza kukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa zamu, kila mtu nyumbani kwake. Tunakula, tunaulizana nani amesikia nini, nani anahitaji mkono wa nani. Mwezi uliopita fundi wetu wa kuchomelea alikuja na bandeji kwenye kidole na tarehe yake ya kupimwa, na wawili kati yetu wakajitolea kumsindikiza. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuwapokea. Mke wangu ameshauliza kama wanakuja wote, na kama aongeze kikombe cha yule jirani aliyepewa barua juzi.